Sensa ya chuma: jicho dogo linaloamua mashine itembee au isimame

Baada ya kile kipindi cha shifti za usiku, ujumbe mwingi ulioingia haukuuliza habari za mshahara wala usingizi. Uliuliza kuhusu ile sentensi moja aliyoitupa mgeni wetu kisha akapita nayo: "Supavaiza aliniambia nibandike kipande cha chuma kwenye sensa ili mashine isisimame-simame." Wengi mmeuliza, hiyo sensa ni kitu gani? Kipande cha chuma kinaidanganyaje? Na je, kijana alikuwa na haki ya kukataa?

Maswali matatu, na hewani tulikuwa tumebakiwa na dakika mbili. Kwa hiyo leo safu hii inayachukua yote, polepole. Nikimaliza nataka mama aliye kwenye mkanda wa kupakia, na kijana anayetafuta kozi, wote wawili wawe na kitu cha kushika mkononi.

Kwanza jina. Ukimwambia bibi yako aliye Kigoma kwamba unafanya kazi na sensa, atadhani unahesabu watu. Kwao sensa ni ile ya watu na makazi, kama ile ya Tanzania ya Agosti 2022. Vitabu vinasema kihisi, au kitambuzi, na ni maneno mazuri. Lakini kiwandani watu wetu wanasema sensa, na mimi nitasema sensa. Mkutane na neno kihisi mahali pengine, mjue ni ndugu yake.

Tuanzie barabarani, maana hapo kila mtu ameshafika

Kabla hatujaingia kiwandani, nenda pale Doonside Road inapokutana na Great Western Highway. Ukisimama kwenye taa nyekundu, tazama lami mbele ya mstari mweupe. Utaona mistari myembamba iliyokatwa kwa msumeno na kuzibwa kwa gundi nyeusi, imechora umbo la mstatili. Chini ya mistari hiyo kuna waya wa shaba uliozungushwa mara kadhaa. Hiyo ni sensa, na inafanya kazi kwa kanuni ileile ya zile za kiwandani. Tofauti ni kwamba ya barabarani ina urefu wa mita kadhaa, na ya kiwandani inaweza kuwa nyembamba kama kalamu.

Watu wengi, pamoja na wazee wangu, wanaamini taa zinahisi uzito wa gari. Sivyo. Ungesimama hapo na gunia la mahindi la kilo mia, taa haikujui. Inachohisi ni chuma, au tuseme madini yoyote yanayopitisha umeme.

Na hapa sisi wa Sydney tuna la kujivunia. Mfumo unaosoma nyaya hizo unaitwa SCATS, na ulibuniwa hapahapa miaka ya 1970 na idara ya barabara kuu ya New South Wales. Leo unaendesha zaidi ya taa 4,000 katika jimbo hili, na umeuzwa hadi Dublin, Singapore, Shanghai na Auckland. Kila njia ya gari ina koili yake karibu na mstari wa kusimama. Mfumo hauhesabu magari tu. Wakati taa ni ya kijani unapima mapengo kati ya gari na gari, na kutokana na mapengo hayo unajua kama kijani inatumika vizuri au inapotea bure. Mapengo yakiwa makubwa, unakata muda na kuupeleka kwenye barabara nyingine. Nairobi kazi hiyo mara nyingi inafanywa na askari mwenye filimbi, ambaye naye anatazama mapengo, ila yeye analoa mvua.

Ukipanda baiskeli na taa ikakukatalia usiku, jua sababu. Usisimame katikati ya ule mstatili. Simama juu ya mstari wenyewe uliokatwa, maana uga wa sumaku una nguvu zaidi karibu na waya. Rimu za alumini zinaonekana vizuri kuliko watu wanavyodhani. Baiskeli ya kaboni yenye rimu za kaboni, pole, bonyeza kitufe cha waenda kwa miguu.

Inavyofanya kazi

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika inazalisha umeme kwenye waya ulio karibu. Hiyo ndiyo mama wa yote. Shika hilo, mengine yatafuata.

Ndani ya sensa kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa juu ya kipande cha feraiti, ambacho ni kama udongo wa chuma uliochomwa. Nyuma yake kuna sakiti ndogo inayopeleka umeme kwenye koili ukienda na kurudi, mara laki kadhaa kwa sekunde. Koili ikipata umeme wa namna hiyo, mbele ya uso wake panakuwa na uga wa sumaku unaopanda na kushuka kwa kasi hiyohiyo. Huwezi kuuona wala kuusikia, na ukiweka kidole huhisi kitu.

Sasa lete kipande cha chuma. Ule uga unaobadilika unaingia kwenye chuma na kuzalisha humo mikondo midogo ya umeme inayozunguka-zunguka, kama maji yanavyozunguka ukikoroga chai na kijiko. Mikondo hiyo inahitaji nguvu, na nguvu hiyo haitoki mbinguni. Inatoka kwenye koili. Kwa hiyo kadiri chuma kinavyokaribia, ndivyo koili inavyonyonywa, na mtikisiko wake unavyodhoofika. Kuna sehemu nyingine ya sakiti ambayo kazi yake ni moja tu: kuangalia mtikisiko. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, inawasha transista, taa ndogo ya njano inawaka, na ujumbe unaenda kwenye kompyuta ya mashine: "Kipo."

Chuma kikiondoka, mtikisiko unarudi, taa inazima. Lakini sensa nzuri haizimi palepale ilipowakia. Inasubiri chuma kisogee mbali kidogo zaidi. Pengo hilo limewekwa makusudi. Bila hilo, kitu kinachotetemeka mpakani kingeifanya sensa iwake na kuzima kama mtu anayechezea swichi.

Kwenye barabara hesabu ni tofauti kidogo. Kule sakiti haiangalii udhaifu wa mtikisiko, inaangalia kasi yake. Gari likiwa juu ya waya, mikondo ile kwenye sakafu ya gari inapunguza uwezo wa koili kuhifadhi nguvu ya sumaku, na mtikisiko unakuwa wa haraka zaidi. Ongezeko hilo dogo linatosha.

Kwa nini isiwe swichi ya kawaida inayobonyezwa? Ilikuwa hivyo zamani. Swichi za kubonyezwa zinachakaa, zinaingia vumbi, zinapiga cheche. Mwaka 1958, mjini Mannheim Ujerumani, Walter Pepperl na Wilfried Gehl wa kampuni ya Pepperl+Fuchs walitengeneza swichi isiyogusa kwa ajili ya kiwanda cha kemikali cha BASF, ambako cheche moja ni msiba. Isiyogusa haichakai kwa kugusana, na haijali mafuta, vumbi wala giza. Ndiyo maana baada ya miaka zaidi ya sitini bado ipo kila mahali.

Namba ambazo fundi anazijua kichwani

Sensa hizi nyingi zina umbo la bolti: bomba la chuma lenye nyuzi za kukazia nati. Ukubwa unaandikwa M8, M12, M18, M30, yaani milimita za upana. Kadiri ilivyo nene ndivyo inavyoona mbali, lakini usitegemee makubwa. M12 ya kawaida inaona milimita 2 hadi 4. M18 inaona 5 hadi 8. M30 inafika 10 hadi 15. Milimita 4 ni kama karatasi arobaini za printa zilizobebana. Kwa hiyo bolti ikilegea kidogo kwa mtetemo, sensa imekuwa kipofu.

Halafu umbali ulioandikwa kwenye boksi umepimwa kwa chuma laini cha kawaida. Madini mengine yanaonekana kwa shida zaidi. Ukiwa na alumini, zidisha umbali huo kwa takriban 0.4. Shaba nyekundu iko chini zaidi ya hapo, na stenlesi inategemea aina yake, mara nyingi karibu 0.7. Kwa nini alumini, inayopitisha umeme vizuri, ionekane vibaya? Kwa sababu hainyonyi sana. Mikondo inazunguka ndani yake bila kupata upinzani mkubwa, hivyo nguvu inayopotea ni ndogo, na sakiti inatafuta hasa upotevu.

Tupige hesabu. Sensa ya M12 imeandikwa milimita 4. Viwango vya kimataifa vinaruhusu tofauti kati ya sensa na sensa, na tofauti za joto na umeme, hivyo umbali wa kuaminika ni 0.81 ya huo ulioandikwa: 4 mara 0.81 ni milimita 3.24. Hiyo ni kwa chuma. Kama unachotaka kukiona ni alumini, zidisha tena kwa 0.4, unapata kama milimita 1.3. Mtu aliyeifunga kwa milimita 3 akisema "imeandikwa 4, nimeacha nafasi" atashangaa kwa nini mashine inasimama kila saa. Kosa si la sensa.

Kuna pia suala la shingo. Sensa ambazo koili yake imezungukwa na bomba lake hadi mwisho unaweza kuzizamisha kwenye chuma cha mashine zikawa sawa na uso wake. Zile ambazo kichwa cha plastiki kinachomoza nje zinaona mbali zaidi, lakini zinaona na pembeni. Ukizizamisha, zitauona ule mwili wa mashine na kubaki zimewaka daima.

Nyaya ni tatu. Kahawia ni chanya, mara nyingi volti 24. Bluu ni hasi. Nyeusi ndiyo inayobeba jibu. Na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea: kuna aina mbili za jibu. PNP inatoa volti chanya kwenye waya mweusi, NPN inauvuta kwenye hasi. Hapa Australia na Ulaya mashine nyingi zinataka PNP. Japani na sehemu kubwa ya Asia wamezoea NPN. Ukiagiza mtandaoni bila kusoma, utapokea sensa nzima, mpya, isiyo na kasoro, ambayo mashine yako haiielewi.

Zinatumika wapi

Kila asubuhi watu wetu wanatoka Doonside, Mount Druitt na Blacktown kwenda Huntingwood, Arndell Park na Eastern Creek. Huntingwood ndiko Arnott's walikohamishia kiwanda chao cha biskuti mwaka 1997. Kandokando ya M4 na M7 kuna maghala ambayo ukiyatazama kutoka juu ni kama mji mwingine. Ndani ya majengo ya aina hiyo sensa za chuma ni nyingi kuliko wafanyakazi.

Kwenye mkanda zinahesabu meno ya gia ili kompyuta ijue mkanda unakwenda kasi gani. Kwenye mlango wa kreni zinasema mlango umefika mwisho. Kwenye mikono ya roboti zinathibitisha kwamba kucha zimeshika au zimeachia. Kwenye mashine ya kufunga mifuniko zinaona kama kopo lina mfuniko wa chuma. Nyingine zinaweza kuhesabu zaidi ya mara elfu kwa sekunde.

Kwenye chakula kuna ndugu yake mkubwa: lango la kukagua chuma. Ni koili tatu, moja inatuma, mbili zinapokea, zimepangwa ili zinazopokea zifutane kabisa. Kipande kidogo cha waya kikipita ndani ya unga, mizani hiyo inayumba, na pakiti inapulizwa nje ya mkanda. Geti la uwanja wa ndege ni wa ukoo huohuo. Mashine ya soda pia: koili inaijua sarafu ya dola mbili kwa jinsi madini yake yanavyoijibu, hivyo washa ya bolti yenye ukubwa uleule haitakununulia kitu. Kwenye reli, vihesabu-ekseli vinatumia koili kuhesabu magurudumu yanayoingia na kutoka kwenye kipande cha njia. Wakiingia 32 na wakatoka 32, njia iko tupu.

Na mipaka yake? Inajua chuma tu. Haijui plastiki, mbao, glasi wala mtu. Mfano mzuri zaidi uko nyumbani, Morogoro. Shirika la APOPO, lililo kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Kwa nini panya, wakati kitambua-chuma kipo? Kwa sababu kitambua-chuma kinapiga kelele kwa kila msumari, kila kizibo cha soda, kila ganda la risasi, na mtu analazimika kuchimba kila mara kwa tahadhari ileile. Panya ananusa baruti na kuyapuuza mabaki ya chuma. Uwanja wa ukubwa wa tenisi anaumaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kitambua-chuma inaweza kumchukua hadi siku nne. Panya mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Koili ni mwaminifu sana: inajibu swali lake moja tu, "kuna chuma?" Kuelewa maana ya jibu ni kazi ya mwingine.

Soko lake

Ripoti za soko la sensa zinauzwa kwa maelfu ya dola, na kila moja ina namba yake, kwa hiyo mimi sitawatupia mabilioni. Nitawaambia soko linavyoonekana kutoka sakafuni.

Juu kuna majina ya Kijerumani: Pepperl+Fuchs, ifm ya Essen iliyoanzishwa 1969, Turck, Balluff, SICK. Kisha Wajapani, Omron na Keyence. Sensa moja ya M12 ya kampuni hizi itakugharimu makumi ya dola, na ile ya stenlesi yote inayovumilia kuoshwa kwa maji moto ya presha kila usiku inaweza kuvuka mia. Chini kabisa kuna sensa za China zisizo na jina kubwa, dola chache tu, unazipata mtandaoni. Ile LJ12A3 wengi wenu mmeiona kwenye printa za 3D za kutengeneza nyumbani. Ni M12, inaona milimita 4, na toleo lake maarufu ni NPN.

Kwa printa ya chumbani, ya bei chee inatosha. Kwa mkanda unaopakia pakiti usiku kucha, hesabu ni nyingine: saa moja ya kusimama kwa mashine inakula bei ya sensa nyingi za gharama. Unachonunua kwenye ile ya juu ni mpira wa kuziba maji, kebo isiyopasuka ikikunjwa, na karatasi za kuthibitisha kwamba imepimwa. Sensa nyingi hazifi kwa uzee. Zinafia kwenye kebo, pale inapokunjwa.

Mtindo mpya ni IO-Link, unaoruhusu sensa iseme zaidi ya ndiyo na hapana kwenye waya uleule: iseme joto lake, iseme "chuma kipo lakini kimeanza kusogea mbali, njoo unikaze." Kwa watengenezaji hilo ni soko jipya. Kwa sisi lina maana kwamba anayejua kusoma ujumbe huo ana kazi, na anayejua kubonyeza kitufe cha kuanza upya pekee atabaki alipo.

Sasa, kile kipande cha chuma

Turudi kwa mgeni wetu. Mashine nyingi zina kizuizi, mlango au wavu unaowatenga watu na visu au roli. Mlango ukifunguliwa, mashine lazima isimame. Wengine wanatumia sensa ya chuma kujua mlango umefungwa. Mmeshaona tatizo. Sensa haijui mlango, inajua chuma. Ukibandika washa mbele yake kwa utepe, itaendelea kusema "kipo" hata mlango ukiwa wazi na mkono wa mtu ukiwa ndani.

Kiwango cha kimataifa cha vizuizi hivyo, ISO 14119, kinalijua tatizo hili vizuri. Kinazipanga swichi kwa aina nne. Zile zisizogusa na zisizo na msimbo, kama sensa zetu, ni aina ya 3. Zile zenye msimbo ni aina ya 4, ambazo zinamtambua mwenzake mwenye msimbo, na za msimbo wa juu zina zaidi ya michanganyiko 1,000. Washa haiwezi kuigiza hizo. Kiwandani kwenu mlango wa hatari ukilindwa na sensa ya kawaida pekee, hilo ni swali halali la kuuliza kwenye kikao cha usalama, na ukiliuliza hivyo watajua unajua.

Nimewahi kuona kiwanda kimoja cha huku magharibi, jina nalihifadhi, ambako washa zilikuwa zimebandikwa kwenye milango mitatu, na wafanyakazi wapya walifundishwa siku ya kwanza kwamba "ndivyo mashine hii ilivyo." Wengi wao walikuwa wa wakala, wengi wazazi wetu. Hakuna aliyeuliza, maana mtu anayesubiri kupigiwa simu ya shifti ya kesho haulizi.

Kwa hiyo sikilizeni hapa. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya New South Wales ya mwaka 2011, kifungu cha 84, inampa mfanyakazi haki ya kuacha au kukataa kazi ikiwa ana sababu ya msingi ya kuogopa hatari kubwa iliyo karibu. Wa wakala naye ni mfanyakazi chini ya sheria hiyo. Ukikataa, mjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na ubaki tayari kufanya kazi nyingine inayofaa. Usiondoke tu kwenda nyumbani. Sheria hiyohiyo inakataza kukuadhibu kwa kuuliza habari za usalama. Kama mna mwakilishi wa afya na usalama, anza naye. Hakuna? SafeWork NSW ni 13 10 50. Kiingereza kinakusumbua ukiwa na hasira? Piga TIS, 131 450, sema "Swahili", watakuunganisha na mkalimani.

Na msimamizi naye asikilizwe. Mara nyingi haamki asubuhi akitaka mtu aumie. Anaona mashine inasimama mara ishirini kwa shifti na lori linasubiri. Lakini mashine inayosimama-simama inasema kitu, na kinachosemwa kwa kawaida ni rahisi. Taa ya njano haizimi kabisa? Angalia uso wa sensa, huenda vumbi la chuma limeganda hapo. Haiwaki kabisa hata ukileta chuma mbele? Hakuna umeme, kebo imekatika au sensa imekufa. Inawaka vizuri lakini mashine haijui? Tafuta waya mweusi, au mtu amefunga NPN mahali pa PNP. Inawaka na kuzima bila mpangilio? Nati imelegea na pengo limekua. Ukaguzi huo unafanywa na fundi, mashine ikiwa imezimwa na kufuli lake limefungwa, na hauchukui muda mrefu. Washa na utepe ni haraka zaidi, lakini siku hiyo haraka itakapodai bei yake, haitadai kwa msimamizi.

Kwa vijana, na kwa wazazi wenye vijana

Kila mwaka kwenye vikao vyetu nasikia wazazi wakisema mtoto awe daktari au mwanasheria. Sawa. Lakini kuna kazi nyingine haina sauti kubwa: fundi umeme wa viwandani, na fundi wa vifaa vya kupimia na kudhibiti mitambo. Ndio wanaoitwa saa nane usiku mkanda ukisimama. Njia yake ni uanagenzi, miaka kama minne, unafanya kazi huku unasoma, na unalipwa. TAFE NSW ina kampasi Blacktown na Mount Druitt, hapa mlangoni. Nenda ukaulize kozi ipi inafundishwa wapi, maana hazifundishwi zote kila kampasi.

Kwa mzazi ambaye tayari yuko kwenye mkanda miaka kumi: usijidharau. Wewe unajua sauti ya mashine hiyo kuliko injinia aliyeinunua. Ukiongeza juu yake mambo matatu, yaani nyaya za rangi tatu, taa ya njano, na umbali wa milimita, ripoti yako inabadilika. Haisemi tena "mashine imeharibika." Inasema "sensa ya mlango wa pili inawaka na kuzima, nadhani nati imelegea." Mtu anayeandika hivyo ndiye anayeitwa fundi akifika, ndiye anayekumbukwa nafasi ikitokea.

Wiki ijayo tutakuwa na mama aliyetoka kupakia maboksi hadi kusimamia mstari mzima, na ataeleza alivyofanya bila kurudi shule ya siku nzima. Tumeni maswali yenu kabla ya Alhamisi. Na yule kijana wa washa na utepe, ujumbe wako tumeupata: alikataa, wakampeleka kwenye mkanda mwingine, na fundi alipokuja akakaza nati moja. Mashine inatembea. Kazini salama.